Shajara ya mradi: kunyoosha nundu ya kidole gumba kwa matundu madogo

Shajara hii ni ya timu ya upasuaji wa mguu ambayo tayari inanyoosha nundu ya kidole gumba kwa njia ya kufungua, na sasa inahamia kwenye matundu madogo bila kumfanya mgonjwa kuwa benchi la mazoezi. Kila hatua iliandikwa ilipokamilika. Gharama zimehesabiwa kwa saa, vifaa na picha za eksirei.

13 Januari: njia, na miguu inayofaa

Nundu hii si mfupa mpya uliootea pembeni. Ni kichwa cha metatasali ya kwanza (mfupa mrefu wa mguu ulio nyuma ya kidole gumba) kilichotoka upande wa ndani, huku kidole chenyewe kikiwalalia wenzake. Ukisaga nundu peke yake unapunguza uvimbe na kuacha upindo palepale. Kwa hiyo njia zilizojadiliwa ni zile tu zinazokata mfupa na kuusogeza.

Njia ya Reverdin-Isham hukata kichwa cha metatasali bila skrubu na kuitegemea bendeji. Ya Bösch hukata shingo ya mfupa na kuishikilia kwa waya mmoja, ambao ncha yake hubaki nje ya ngozi kwa wiki kadhaa. Ya Redfern na Vernois huunganisha mkato wa V kwenye metatasali na mkato wa Akin kwenye pingili ya kidole, vyote vikifungwa kwa skrubu za ndani. Hii ndiyo iliyochaguliwa. Mkato wa Akin wenyewe ni wa mwaka 1925. Kilichobadilika ni ukubwa wa tundu na chombo kinachopita humo.

Miguu ya kuanzia: pembe ya kidole kati ya nyuzi 20 na 40 (ya kawaida iko chini ya 15), na pembe kati ya metatasali ya kwanza na ya pili isiyozidi nyuzi 16 (ya kawaida iko chini ya 9). Imeachwa miguu yenye kiungo kilicholika, damu inayofika kwa shida, maambukizi, au kiungo cha mwanzo wa metatasali, upande wa kisigino, kinacholegea. Huo wa mwisho unahitaji kuunganishwa kiungo, na kuusogeza mfupa tu ni kumpa mgonjwa nundu ile ile baadaye. Picha zipigwe mgonjwa akiwa amesimama. Mguu usiobeba uzito huonyesha upindo mdogo kuliko uliopo.

20 Januari: vifaa

Mota ya kasi ndogo na nguvu kubwa ya kuzungusha, yenye bomba lake la maji. Mota za meno zina kasi nyingi na nguvu haba: zikigusa ganda gumu la mfupa husimama, au huunguza.

Ncha za Shannon (vikatio vinavyozungushwa na mota) za milimita 2 kwa 20 za kukatia metatasali, na za milimita 2 kwa 12 za pingili. Ncha nene yenye umbo la kabari ya kusagia kona ya mfupa. Kijembe chembamba cha Beaver. Mitaimbo midogo miwili, mmoja umenyooka na mmoja umepinda. Tupa ndogo ya mfupa. Skrubu zenye tundu katikati la kupitia waya wa kuziongoza, na zisizo na kichwa: za milimita 4 kwa metatasali, za milimita 3 kwa pingili. Mwisho wa skrubu uwe umekatwa mshazari, ili ulale sawa na ubavu wa mfupa.

Kosa la kwanza lilikuwa la karatasi tu: skrubu ziliagizwa hadi urefu wa milimita 40. Skrubu ya kwanza inapita mshazari kutoka karibu na mwanzo wa metatasali hadi ndani ya kichwa, na mara nyingi inataka milimita 44 hadi 50. Wiki mbili zikapotea kusubiri sanduku la pili.

10 Februari: benchi na mkato wa kwanza

Mifupa ya plastiki ya mguu mzima ilifungwa kwenye jiriwa, ikafunikwa sponji na kitambaa kinene ili macho yasione kinachokatwa. Mashine ndogo ya eksirei iliwekwa pembeni. Mifupa minne ya kwanza ilikatwa wazi ili mkono uzoee, na hapo hakuna la kusimulia.

Ilipofunikwa, shida ilianza. Tundu la ngozi ndilo egemeo. Ukitaka ncha iende kuelekea vidoleni, mpini lazima uende kuelekea kisiginoni. Ukitaka ncha ishuke kuelekea wayo, mpini upande juu. Kila aliyezoea msumeno wa njia ya wazi aliukosea mwelekeo huu. Mifupa mitatu mfululizo ilikatwa ncha ikielekea kisiginoni, na vichwa vilivyosogezwa vikarudi nyuma: metatasali ikafupika.

Ufupi huu una hesabu yake. Ncha ya milimita 2 inakula angalau milimita 2 za mfupa. Mkato ukiwa wima kwa metatasali ya pili, kichwa kinasogea nje tu, na zile milimita 2 zimepotea. Ukiuelekeza mkato nyuzi 10 kuelekea vidoleni na kusogeza kichwa milimita 8, unarudisha milimita 1.4. Kwa nyuzi 15 unarudisha milimita 2.1, yaani karibu yote iliyoliwa. Hesabu ni ile ile kwa upande wa chini: mkato ulioshuka nyuzi 10 kuelekea wayo unashusha kichwa milimita 1.4, na metatasali ya kwanza inaendelea kubeba uzito wake. Ikifupika au ikiinuka, uzito unahamia kwa ya pili, na mgonjwa anabadilishana maumivu ya nundu na maumivu ya chini ya kidole cha pili.

Marekebisho: waya unalazwa juu ya ngozi, picha inapigwa, na mstari ulio wima kwa metatasali ya pili unachorwa kwa kalamu. Mstari wa pili unachorwa kando yake kwa nyuzi 10 hadi 15. Mpini unafuata mstari wa pili. Tangu hapo hakuna mfupa uliokatwa ukielekea kisiginoni.

Gharama: mifupa 11, ncha 3, saa 9.

17 Februari: joto

Sura hii ndiyo inayorukwa na wengi, na haistahili kurukwa. Mfupa ukifikishwa nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja, chembe zake huanza kufa. Mkato uliounguzwa unaonekana safi siku ya upasuaji, kisha hauungi.

Mota ilikuwa imewekwa kasi ya juu. Plastiki iliyeyuka, ikajaa kwenye mifereji ya ncha, na ncha ikageuka kijiti laini kinachosugua badala ya kukata. Mfupa halisi hauyeyuki, ila uji wake huziba mifereji ile ile kwa namna hiyo hiyo. Dalili ni mkono kuanza kusukuma. Ukijikuta unasukuma, toa ncha.

Utaratibu uliobaki: kasi isizidi mizunguko 6,000 kwa dakika, kata kwa sekunde chache, toa, osha ncha, rudi, msaidizi anamimina maji ya chumvi yaliyopozwa juu ya tundu muda wote, hata bomba la mota likiwa linafanya kazi, ncha mpya kwa kila mguu. Kutumia ncha moja kwa miguu miwili kunaonekana kama kubana matumizi, lakini ncha butu ndiyo chanzo cha joto.

Ngozi nayo huungua, si kwa ncha bali kwa shingo ya ncha inayozunguka kwenye kingo za tundu. Tundu la milimita 3 linapendeza machoni, lakini kwenye kitambaa cha benchi liliacha alama ya kuungua mara mbili. Tundu la milimita 5 halikuacha. Pia ncha moja ilivunjika ilipotumiwa kama mtaimbo kukisukuma kichwa. Ncha ni ya kukata tu.

3 Machi: kukisogeza kichwa

Mtaimbo uliopinda unaingia kwenye tundu lile lile, ncha yake inazama kwenye mfereji wa uboho wa shina (sehemu ndefu ya mfupa iliyobaki nyuma ya mkato), na tumbo lake linakisukuma kichwa nje. Kisiposogea, usiongeze nguvu. Karibu kila mara ni kona ya juu ya upande wa nje ambayo haijakatwa ikaisha. Rudisha ncha, pitisha kwenye kona hiyo kama wipa ya kioo, kisha tikisa kidole. Kichwa kikicheza peke yake bila shina, mkato umekamilika.

Kasoro iliyojirudia ilikuwa kichwa kupanda juu kinaposukumwa nje. Picha ya kutoka juu hailionyeshi kosa hili hata kidogo. Kichwa kinaonekana kimekaa vizuri, kumbe kimeinuka milimita 3. Sasa kidole gumba cha mkono wa msaidizi kinakaa juu ya kichwa na kukizuia, na picha ya ubavuni ni lazima kabla ya waya wowote kuingia kichwani.

24 Machi: skrubu ya kwanza

Hapa ndipo mradi ulipokwama wiki tatu, na anayenakili kazi hii atenge muda wake mwingi hapa.

Skrubu hii inashikilia kwa nukta tatu. Inaingia ganda la mfupa la upande wa ndani wa mguu, karibu na mwanzo wa metatasali, inatoboa ganda la nje la shina kabla tu ya mkato, milimita 5 hadi 10 hivi, kisha inazama kwenye kichwa kilichosogezwa. Ikikosa nukta ya kati, inabaki ikielea kwenye mfereji wa uboho. Picha inaweza kupendeza, lakini ukibonyeza kidole kwa nguvu kichwa kinateleza. Kwenye mifupa 14 ya kwanza, nukta ya kati ilikosekana mara 9.

Sababu zilikuwa tatu.

Ya kwanza, waya kuteleza. Pembe ni ya kulala mno, na ganda la mfupa ni laini kama kigae. Waya unakwaruza kuelekea vidoleni na kuingia mbele ya pale ulipopangwa. Dawa yake ni kuanza waya ukiwa karibu wima, uchimbe kashimo, kisha kuulaza taratibu huku ukizunguka.

Ya pili, kuingilia mbele mno. Ukianzia katikati ya shina, pembe inakuwa kali, na waya unatoboa nje mbali na mkato au unaingia kichwani bila kugusa ganda la nje. Sehemu ya kuingilia iwe kwenye upana wa mwanzo wa metatasali, bila kugusa kiungo kilicho nyuma yake.

Ya tatu ilikuwa mpangilio wa kazi. Waya ulikuwa unapitishwa baada ya kichwa kusogezwa, mkono mmoja ukishika mtaimbo na mwingine mota. Mpangilio ukageuzwa. Waya unaingia kwanza, mguu ukiwa mzima na umetulia, hadi ncha yake itokeze kidogo nje ya ganda la nje. Picha mbili zinapigwa, ya juu na ya ubavuni. Ndipo mkato unafanywa, kichwa kinasogezwa, na waya unasukumwa tu hadi ndani yake. Badiliko hili peke yake liliondoa zaidi ya nusu ya makosa: kati ya mifupa 10 iliyofuata, nukta ya kati ilikosekana mara 2.

Kisha kutoboa. Ganda la ndani lazima litobolewe kwa keekee kamili kabla ya skrubu. Mfupa mmoja ulipasuka pale pale pa kuingilia kwa sababu skrubu ililazimishwa kwenye tundu la waya. Urefu upimwe na kupunguzwa kidogo, maana skrubu inayotokeza kichwani itasugua kiungo. Mshazari wa mwisho wa skrubu ulale sawa na ubavu wa mfupa. Ukigundua umepita, endelea mzunguko mzima badala ya kurudi nyuma, kwa sababu skrubu iliyorudishwa nyuma hutokeza, na chini ya kiatu milimita moja inatosha kuleta malalamiko.

Skrubu ya pili inakwenda sambamba na ya kwanza, mbele yake, kuzuia kichwa kuzunguka. Ya kwanza ikikaa vizuri, ya pili ni kazi ya dakika tano.

Gharama: mifupa 24, skrubu 6 zilizoharibika nyuzi, nyaya 17, saa 22.

31 Machi: kona, uji wa mfupa, na Akin

Kichwa kikishasogezwa, shina linabaki na kona iliyochomoza upande wa ndani. Inasagwa kwa ncha ya kabari baada ya skrubu kukaa. Uji wa mfupa unaobaki ukamuliwe kwa kidole kuelekea kwenye tundu, kisha uoshwe kwa maji ya chumvi kwa bomba la sindano hadi maji yatoke meupe. Uji ulioachwa unaweza kugeuka mfupa mahali pasipotakiwa.

Mkato wa Akin unafuata kwenye pingili. Ganda la nje linaachwa zima kama bawaba, kidole kinafungwa kuelekea ndani, skrubu moja ya milimita 3 inapita mshazari. Kosa ni moja tu: kuikata bawaba. Acha kukata mapema kuliko unavyodhani, jaribu kukifunga kidole, ongeza kidogo. Kumbuka kano mbili zilizo karibu, moja juu na moja chini ya pingili. Ncha haina macho.

28 Aprili: miguu iliyotolewa kwa mafunzo

Miguu sita ya maiti. Kila mmoja ulifanyiwa kazi nzima kwa matundu, kisha ukafunguliwa ili kuona kilichoguswa. Bila kufungua, zoezi hili lingekuwa nusu.

Neva ndogo ya upande wa juu na ndani wa kidole ilikutwa imechubuliwa kwenye mguu mmoja. Tundu lilikuwa limewekwa juu ya mstari wa katikati ya ubavu, na kijembe kilishushwa moja kwa moja hadi mfupani. Sasa kijembe kinakata ngozi tu. Koleo ndogo inaingia ikiwa imefumba, inafumbuliwa kwa urefu wa mguu hadi iguse mfupa, na ncha inafuata njia hiyo.

Kulegeza upande wa nje kulizidi kwenye mguu mwingine: kifuko cha kiungo na kano ya msuli unaokivuta kidole vilikatwa vyote, na kidole kikaanza kuinamia ndani. Kidole kilichopindia ndani ni kigumu zaidi kurekebisha kuliko nundu yenyewe. Kanuni iliyowekwa: metatasali isogezwe kwanza, kidole kipimwe, na kano iguswe tu kama kidole bado kinavuta nje.

19 Mei: chumba cha upasuaji

Mgonjwa amelala chali, mguu unaning'inia nje ya mwisho wa meza ili mashine ya eksirei iuzunguke. Ganzi ni ya kifundo cha mguu, neva zote tano. Mpira wa kuzuia damu haufungwi, kwa kuwa damu inayotiririka inapoza mfupa na kuosha uji.

Picha zilihesabiwa. Zoezi kamili la kwanza chumbani lilitumia picha 94. Nyingi zilikuwa za kutafuta mahali pa kuanzia, kazi ambayo kalamu ingeifanya. Mistari yote ilipochorwa kabla ya kuanza (metatasali ya kwanza, ya pili, kiungo, njia ya waya), zikashuka hadi 51. Vazi la risasi na kinga ya shingo kwa kila aliyemo, na mikono ikae nje ya miale wakati wa kupiga.

Kikomo kimeandikwa ukutani: skrubu ya kwanza ikikosa nukta ya kati mara tatu, mguu unafunguliwa kwa njia ya zamani. Mgonjwa anaelezwa hivyo na kukubali kabla ya ganzi.

30 Juni: baada ya upasuaji

Bendeji ni nusu ya kazi katika wiki za kwanza. Inapita kati ya kidole cha kwanza na cha pili, inakivuta kidole ndani kidogo, wala haikazi hadi ncha ya kidole kubadilika rangi. Mgonjwa anakanyaga siku hiyo hiyo akiwa na kiatu kigumu cha wayo bapa, ambacho anakaa nacho wiki 6. Wiki 2 za mwanzo mguu uwe juu ya kiwango cha moyo sehemu kubwa ya siku. Anayeshinda amesimama kwa sababu haoni kidonda kikubwa ndiye anayerudi na mguu uliovimba na matundu yanayovuja.

Mazoezi ya kukunja kidole huanza wiki ya 2, tundu likishafunga. Kwenye miguu miwili yalicheleweshwa hadi wiki ya 6 kwa kuogopa skrubu, na vidole vyote viwili vilikakamaa, hasa katika kukunja kuelekea juu. Skrubu iliyoshika nukta tatu inastahimili zoezi hili. Kucheleweshwa kumefutwa.

22 Septemba: picha za miezi mitatu

Picha ya wiki ya 6 inatisha asiyeijua. Kichwa kinaonekana kimening'inia nje ya shina, na pengo jeusi pembeni. Mfupa mpya unaanza kama ukungu upande wa nje, karibu na skrubu ya kwanza, na kujaza hatua kwa hatua. Kujiumba upya kunaendelea kwa miezi mingi. Kinachoamua ni maumivu pale pa mkato, na kama kichwa kimebaki mahali pake ukilinganisha na picha ya siku ya upasuaji. Weka picha hizo mbili kando kwa kando kila mara.

Skrubu moja imeondolewa kwa sababu ilitokeza chini ya ngozi. Kwenye picha ya siku ya upasuaji mshazari wake unaonekana umegeukia juu badala ya kulala ubavuni. Picha ya pembe ya nusu, mguu ukiwa umezungushwa nyuzi 45, ingelionyesha kosa hilo likiwa bado mezani. Imeongezwa kwenye orodha ya lazima kabla ya kufunga.

Uvimbe bado upo kwa wengi, jambo la kawaida hadi mwezi wa 6. Karatasi ya mgonjwa imebadilishwa: pale palipoandikwa kuwa atarudi kwenye viatu vyake baada ya wiki 6, sasa pameandikwa viatu vipana.

29 Septemba: badiliko la mkato

Kwa miguu ambayo metatasali imejizungusha (kucha ya kidole inatazama ndani, na mifupa midogo ya sesamoidi imehama), mkato wa V unazuia kichwa kuzungushwa kurudi mahali pake. Mkato ulionyooka unaruhusu, ila unategemea skrubu peke yake kuzuia kichwa kuteleza. Mifupa 12 ya plastiki imeagizwa kwa jaribio hili, pamoja na skrubu za milimita 46 na 48 peke yake. Ingizo lijalo litaandikwa mifupa hiyo ikiisha.